Nilivyoitwa Embu Kuezeka Paa Linalovuja

Nilikwenda Embu kutafuta nyasi. Nalisema hilo mwanzoni kabisa kwa sababu wako watu hapa Kanyakine wanaosema nilikwenda kubadili dini, na wengine, wenye ndimi ndefu zaidi, kwamba nilimfuata msichana. Nilifuata nyasi. Zile ndefu za kuezekea, nyembamba na ngumu, ambazo fundi akizipanga kwa adabu mvua huishia nje.

Ilikuwa miaka ya Imajensi, ile hali ya hatari ya serikali ya Waingereza dhidi ya wapiganaji wa msituni. Mama yangu alikuwa ametolewa kilimani kwetu pamoja na majirani wote, nyumba zikachomwa nyuma yao, wakaambiwa kuanzia sasa wataishi kijijini, vibanda vimepangwa kwa mistari kama mahindi, handaki limezunguka na homugadi, wale walinzi wa serikali, wako langoni. Kibanda chake kilijengwa kwa amri na kwa haraka, na aliyekiezeka sitamtaja kwa kuwa bado yu hai na ana wajukuu wanaomheshimu. Kilivuja kila mahali. Mimi fundi Mwiti, niliyeezeka nyumba za walimu wa misheni, mama yangu alikuwa akilala amekinga sufuria kifuani. Niliona aibu hadi nikaacha kupita sokoni.

Kutoka nyumba ya zamani Mama alibeba mafiga yake matatu, ndani ya kiondo, mgongoni, na hakukubali kusaidiwa. Aliyaweka nje ya mlango wa kibanda na hapo yakakaa. Akawa anapika kwa jirani, anakula kwa jirani, anaota moto wa jirani. Nilipomwuliza sababu, alinijibu kwa Kimeru, kwa sauti anayoitumia kwa mbuzi mkaidi:

"Mafiga yakiingia humo, hapo pamekuwa kwangu. Na hapo si kwangu. Kwangu hakuvuji."

Nililishika neno la mwisho, maana ndilo lililomhusu fundi. Nikaamini dawa ni paa. Lakini nyasi nzuri zilikuwa ukingoni mwa msitu, na huko kulikuwa kumekatazwa. Ukienda na panga ungepigwa risasi kabla hujaanza kueleza habari za paa. Mama naye alikuwa anakonda, kwa sababu chakula cha jirani, hata akiwa mwema namna gani, mtu hukila nusu. Niliogopa. Mwanamke wa umri wake asiyewasha moto wake mwenyewe hawezi kuvuka msimu wa baridi.

Hapo ndipo alipotokea Mzungu wa mashine. Huyu alikaa Embu, na kazi yake ilikuwa kuzunguka akitengeneza mashine za kumenya kahawa mpaka huku kwetu. Watu walimwita Bwana Yakobo. Aliona paa nililoezeka kwenye kibanda cha mlinzi wa kiwanda, akauliza fundi ni nani, akaonyeshwa mimi. Alisema anataka kibanda cha majani uani kwake kabla ya mwezi kujaa. Nikamwuliza kama nyumba yake imeungua. Akasema hapana, nyumba yake ni ya mawe na ina mabati. Nikamtazama kwa huruma, nikakubali. Aliponiuliza nataka malipo gani, nikasema nyasi. Naye akanitazama kwa huruma, akasema nyuma ya karakana yake kuna bonde lenye nyasi zinazonizidi kimo. Akaniombea pasi ya kusafiri kwa Bwana D.O., mkubwa wa serikali, na mambo yakawa yamekwisha.

Nkubu, asubuhi ya kuondoka, nilidandia lori la maharagwe la Athumani, Mwislamu wa Meru mjini aliyejua kila kona ya barabara ile na kila siri ya waliokaa kandokando yake. Nilimweleza ninakokwenda. Alicheka mpaka akapunguza mwendo.

"Yule si Mzungu hivi hivi, ndugu yangu. Yule ni Myahudi. Hali nguruwe, kama mimi. Ukiona mtu mweupe anasukuma bekoni mbali, jua hapo kuna habari."

Nilishangaa sana. Nilikuwa Mkristo niliyesoma darasa la ubatizo na kufaulu, lakini nilidhani Wayahudi waliishia kwenye Maandiko pamoja na Wafilisti. Kumbe mmoja wao alikuwa Embu akitengeneza mashine za kahawa. Kuanzia Igoji hadi Chuka nilikuwa nafikiria nitamwuliza nini kuhusu Musa.

Daraja la Thuci, ambapo Meru inaisha na Embu inaanza, tulisimamishwa kwenye kizuizi. Homugadi aliisoma pasi yangu polepole, kisha akataka kujua kwa mdomo wangu naenda kufanya nini. Nikasema naenda kumjengea Mzungu mwenye nyumba ya mawe kibanda cha majani ili akae humo. Homugadi aliwaita wenzake, nikarudia mbele yao wote. Uongo wowote ungeaminika kuliko ukweli ule. Waliniondoa kwenye lori, wakafungua mfuko wangu wa zana, wakakuta nyundo, kamba na nduma za kuchemsha. Athumani alishuka akawaambia kwamba kama ningekuwa mtu hatari ningekuwa na hadithi nzuri kuliko hiyo. Walikubaliana naye, wakaniachia. Nduma walizibakiza.

Embu, jioni, Bwana Yakobo alinipokea mwenyewe langoni, mtu mfupi mwenye mikono ya mafuta ya mashine, na mkewe, Mama Hana, akatoka na chai. Walikuwa wametoka Ujerumani kabla ya vita, wakikimbia mateso ya Wayahudi, na yeye Mama Hana alijifunza Kiswahili kwa wanawake wa sokoni, kwa hiyo chake kilikuwa kizuri kuliko cha mumewe. Alinieleza kazi: kwa juma zima watakula ndani ya kile kibanda, kwa sababu Torati inawaamuru. Babu zao walitoka utumwani Misri, wakakaa jangwani kwenye vibanda, na kila mwaka wajukuu hutoka ndani ya nyumba nzuri wakakumbuke. Nikasema kwetu pia tuna hadithi ya kutoka utumwani kwa watu wa Mbwaa, huko pwani, na kuvuka maji, lakini baada ya kuvuka tulijenga nyumba nzuri tukatulia humo. Alisema anatuonea wivu.

Siku iliyofuata, tangu alfajiri, nilijenga. Nataka mwelewe kwamba nilijenga kwa moyo. Mtu aliyetoroka kwao, akaja hadi huku, bado anakumbuka babu zake, huwezi kumpa kazi ya ovyo. Nilisimamisha nguzo, nikazungushia kuta za mikeka, nikapandisha fito, kisha nikalaza majani ya migomba yakipandiana kama magamba ya samaki, na juu yake matete, na juu yake tena majani. Mchana nilipanda na debe la maji, nikalimimina lote juu. Nikashuka, nikaingia ndani. Hata tone. Nilisimama pale katikati nikajipongeza kimoyomoyo, maana hapakuwa na mtu mwingine wa kunipongeza.

Alasiri, Bwana Yakobo alirudi kutoka karakana, akaingia, akalala chali sakafuni. Nilidhani amechoka. Akakaa hivyo kwa muda, akitazama juu.

"Fundi," akasema, "mimi hapana ona mbingu."

"Asante, Bwana," nikamjibu.

Ilibidi Mama Hana aje kutuelewesha. Akanieleza kwamba paa lile, kwa sheria yao, halifai. Kivuli lazima kizidi jua, hilo sawa, lakini usiku nyota zionekane, na mvua kubwa ikija iingie. Paa lisilovuja ni la nyumba, na wao wana nyumba tayari. Nilimwomba arudie. Akarudia. Nikamwuliza kama Musa mwenyewe alisema hivyo au ni maneno ya watu wa baadaye. Akasema wazee wao walibishana sana juu ya mambo hayo, na kwamba mimi ningefaa kukaa nao.

Nikapanda tena. Sijawahi kufanya kazi nzito kama ile ya kung'oa majani yangu mwenyewe, moja hapa, moja pale, huku mwenye kazi yuko chini anaelekeza: "Tundu hapa. Hapa tena. Kubwa kidogo." Nilikuwa natazama barabarani nikiomba asipite mtu wa Meru. Nilipomaliza, jua lilikuwa linaingia ndani kwa vipande vipande sakafuni, kama limepitishwa kwenye chekecheke. Bwana Yakobo akalala chali tena. Safari hii alitabasamu.

Jua lilipozama tulikaa kibandani, sisi watatu, maana walikataa nile peke yangu jikoni. Mama Hana alikuwa amewasha mishumaa. Bwana Yakobo aliimba baraka juu ya kikombe cha mvinyo, kisha juu ya mkate, kwa lugha iliyotoka kooni, na mwezi mzima ukatuchungulia kupitia matundu yangu. Sitaficha, ilikuwa nzuri. Tulikunywa mchuzi wa kuku. Baada yake nikaomba maziwa ya kutia kwenye chai, na Mama Hana akashtuka kana kwamba nimeomba petroli. Kumbe kwao nyama na maziwa havikutani mezani wala chunguni, na vyombo vyake hukaa rafu mbalimbali. Nilikunywa chai ya rangi. Nikamwambia bibi yangu naye hakupenda tuchanganye nyama na maziwa, akisema ng'ombe watakauka, na wote wawili wakafurahi kupita kiasi, wakanitaka niwaeleze habari zote za bibi yangu.

Hapo rasharasha ikaanza, na tone likaanguka ndani ya bakuli la Bwana Yakobo. Wakacheka, yeye na mkewe, kwa furaha kama watoto. Mimi sikucheka. Hasira ilinipanda ghafla, na nilikuwa sijaitarajia.

"Bwana," nikasema, "wewe ukinyeshewa unaingia ndani, kwenye mabati. Mama yangu yuko kwenye kibanda kama hiki na nyumba yake imechomwa. Yeye atakumbuka nini?"

Nilijua nimevunja heshima ya mgeni, na nyasi zangu nikaziona zikienda na mto. Bwana Yakobo alilisogeza bakuli kando.

"Wewe sema kweli," akasema. "Lakini kibanda ya kwanza, fundi, ile ya wazee yetu, hapana nyumba nyuma, hapana nyumba mbele. Wao kuwa na maneno moja tu: hapa tunapita."

Mama Hana aliongeza, bila kunitazama, kwamba baba yake alikuwa akijenga kibanda kila mwaka kwenye roshani ya nyumba yao Ujerumani, na mwaka wa mwisho alikijenga ingawa majirani walimrushia mawe. Alisema baba yake hakupita; alifia huko huko. Kisha akaninyanyulia sahani ya mikate ya asali. Nilikula.

Kulipokucha, wasomaji wangu, mambo yakaharibika. Bwana Yakobo aliingia kibandani akiwa na tawi refu la mtende lililofungwa pamoja na vijiti vingine vya majani, na tunda la manjano kama limau lenye ngozi ya mabonde, ambalo lilitumwa kwao kutoka Nairobi limefungwa kama yai. Akageuka kuuelekea Mlima Kenya, akaanza kulitikisa tawi mbele, kulia, nyuma, kushoto, juu na chini, akiomba. Nilifurahi. Nikamwuliza kama na wao humwomba Mungu wa mlimani kama wazee wetu. Akaniambia anaelekea Yerusalemu, iliyoko kaskazini, na kwamba mlima uko njiani tu.

Ni wakati huo sajini wa askari alipofika uani na watu wake wawili, sajini mwenyewe mtu wa Embu mwenye sharubu na viatu vilivyong'aa. Mtu alikuwa amempelekea habari kwamba Mzungu amejenga kibanda kichakani. Alichokikuta ni kibanda kweli, na Mzungu ndani yake akiutikisia mlima majani. Katika miaka ile ya viapo vya siri vya watu wa msituni, niwaambie nini zaidi? Sajini alivua kofia, akaivaa tena.

"Bwana, hii nyumba nani alipeana ruhusa?" akauliza. "Sheria inasema hakuna nyumba nje ya kijiji. Watu ya msitu watakuja kulala hapa."

Bwana Yakobo akamweleza ni sikukuu. Sajini akasema sawa, basi aandike hivyo kwenye karatasi, atie sahihi, yeye aipeleke ofisini. Ombi la haki kabisa. Bwana Yakobo akatikisa kichwa. Leo ni siku takatifu, akasema, na kesho pia, na siku takatifu yeye haandiki. Sajini akauliza kama ni mgonjwa wa mkono. Hapana. Kama kalamu hana. Anazo tatu. Kuandika ni kazi, na leo hakuna kazi. Mimi nikajitolea kuandika, sajini akanikata kwa jicho moja. Alitaka kujua mimi ni nani, mtu wa Meru, nafanya nini Embu kwenye kibanda kisicho na ruhusa. Akaamuru kibanda kibomolewe na mimi niende naye. Kwenda na sajini wakati ule, mtu hakujua kama ni kurudi jioni au ni kurudi baada ya miaka. Kwa macho ya moyo nilimwona Mama nje ya mlango wake, na mafiga yake yameota ukungu.

Lakini kabla ya kubomoa, sajini aliingia ndani kutazama, kama kazi yake ilivyotaka. Akanyanyua macho. Alitazama paa upande mmoja, akatazama upande wa pili. Wingu dogo lilipita juu, tukaliona sote likipita, toka mwanzo hadi mwisho.

"Nani aliezeka hii kitu?" akauliza.

Mama Hana alinitazama kwa masikitiko.

"Ni mimi, afande."

"Wewe ni fundi?"

"Ni fundi, afande. Nimeezeka misheni."

Sajini alinishika bega, na sauti yake ilikuwa na upole ambao sitausahau kwa uchungu wake. "Pole," akasema. Kisha akawageukia askari wake. "Hii si nyumba. Nyumba iko na paa. Hakuna mtu ya msitu anaweza kulala hapa, atanyeshewa kuliko huko msituni. Wacheni ikae, na huyu fundi pia."

Wakaondoka. Langoni nilimsikia askari mmoja akiuliza kama Wameru wote huezeka namna ile, na wote watatu wakacheka njia nzima. Nami nilikaa chini kwenye majani. Lile paa langu la kwanza, lile la debe zima bila tone, lingekuwa nyumba kwa sheria ya sajini kama lilivyokuwa nyumba kwa sheria ya Musa, na lingenipeleka kizuizini. Bwana Yakobo alilala chali, akatazama matundu, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Safari hii nami nilicheka.

Zile siku mbili takatifu zilipokwisha nilikata nyasi bondeni, nikafunga mizigo mingi, na lori la Athumani likanichukua. Daraja la Thuci, homugadi wale wale walinitambua. Waliuliza kama Mzungu amehamia kibandani. Nikasema amehamia, na anafurahi. Hawakunipekua tena, mtu wa aina yangu walimwona hana madhara.

Kijijini, nilimkuta Mama ameketi juu ya figa moja nje ya mlango. Alizipapasa nyasi, akazinusa, akasema ni nzuri. Sikuanza kuezeka. Nilikaa juu ya figa la pili nikamsimulia yote: tawi la mtende, chai bila maziwa, sajini na pole yake, ambayo aliifurahia sana akataka niirudie. Nikamweleza na lile neno, hapa tunapita. Hapo aliacha kucheka. Alitazama kibanda chake, kisha akatazama upande wa kilima chetu.

"Hao watu walipika humo jangwani?" akauliza.

"Walipika, Mama."

"Na hapakuwa kwao."

"Hapakuwa kwao."

Akanyanyuka, akalishika figa alilokuwa amelikalia, akaliingiza ndani. Akarudi akaninyanyua kwenye la pili. Aliyapanga yote matatu mwenyewe, akawasha moto, na moshi ulipotoka mlangoni nililia, nikausingizia moshi. Kisha akaniambia niezeke.

"Lakini niachie tundu," akasema. "Pale, upande wa kilima chetu. Nikilala nilione, nisije nikapazoea hapa."

Niliezeka, nikaacha tundu la ukubwa wa ungo. Majirani walilisema, na jina langu la fundi lilipungua kidogo katika kijiji kile. Mama alipata mwili tena. Alipika kila siku chini ya tundu lile hadi Imajensi ilipoisha, na ilipoisha aliyatia mafiga kwenye kiondo, akapanda nayo kilimani bila kusaidiwa.

Nilimjengea nyumba pale pale ilipoungua ile ya kwanza. Siku ya kuezeka nilikuwa nimefika karibu na kilele, nikamwuliza kutoka juu nimwachie wapi tundu lake. Alikuwa ndani, amechuchumaa, anayapanga mafiga. Hakuinua hata kichwa.

"Tundu la nini?" akasema. "Nimefika. Ziba."